Mgonjwa Mmoja, Milango Miwili

Ndugu wanafunzi, tupambanue kwanza maneno mawili. Mlevi ni aliyelewa. Kesho huenda akaamka mzima. Mraibu ni yule ambaye kileo kimekwisha kumtawala mwili na akili, hata akitaka kuacha hawezi peke yake. Anayeyachanganya maneno haya humpa mgonjwa lawama badala ya tiba.

Chukueni mfano wa kijana wa Dabani, wilayani Busia, upande wa Uganda, aliyezama katika waragi. Akiacha ghafla bila uangalizi wa tabibu, huenda akapatwa na degedege, hata akafa. Basi anahitaji hospitali. Lakini dawa ikishamtuliza, anarudi wapi? Kazi hana, mke amekwenda kwao, na jirani anapika pombe. Hapo anahitaji afisa wa maendeleo ya jamii. Tabibu ana Wizara ya Afya. Afisa ana Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kati ya milango hiyo miwili, nani humvusha mgonjwa?

Watasema serikali imechukua hatua. Kweli, mwaka 2019 Uganda ilipiga marufuku pombe kali ya viroba, kama Tanzania ilivyofanya mwaka 2017. Lakini marufuku huondoa kiroba dukani. Haimwondolei mraibu kiu. Watataja Hospitali ya Butabika, yenye kitengo cha waraibu. Hiyo iko Kampala, karibu kilomita 200 kutoka mpakani, na hata aliyetibiwa huko hurudi kwa jirani yule yule.

Watasema tena kwamba fedha hakuna. Sidai jumba jipya. Nadai mambo matatu: afisa wa jamii ajulishwe, kwa ridhaa ya mgonjwa, kabla hajatoka wodini, afisa huyo amtembelee nyumbani kabla juma halijaisha, na tabibu na afisa wakutane kila mwezi pamoja na wahudumu wa afya wa vijiji. Na kwa kuwa pombe huvuka mpaka bila kuuliza njia, wenzao wa upande wa Kenya nao waalikwe. Haya yanahitaji barua, simu na nia.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Miongoni mwenu wamo matabibu na maafisa wa kesho. Msikubali kusema, “Kazi yangu imeishia langoni.” Ugonjwa huu hauishii langoni, hapo ndipo humngojea mgonjwa.