Unataka Kuwa Nesi? Usitoe Hata Bob Kabla Hujauliza Swali Hili

Matokeo ya KCSE yakishatoka tu, mabango ya Eastlando huanza kuongezeka. Toka Kayole hadi Umoja, toka Donholm hadi Kariobangi, juu ya duka la M-Pesa, kando ya kinyozi, orofa ya tatu pale juu ya bucha: NURSING, D+ KWENDA JUU, MIEZI SITA, KAZI NG'AMBO. Na kuna mathe ambaye miaka kumi ameamka saa tisa usiku kufuata sukuma Marikiti ndio msichana wake asome. Anapanda hizo ngazi na doo ya chama kwa mkoba, anapewa soda, anaonyeshwa kitanda kimoja na mwanasesere wa plastiki, anatoka na risiti. Anaambia ploti nzima mtoto ameingia unesi.

Shida ni kwamba mara nyingi mtoto hajaingia unesi. Ameingia kitu kingine.

Tuelewane kwanza kuhusu hilo jina. Kenya, nesi si yule amevaa yunifomu na kubeba kipima joto. Nesi ni mtu ambaye jina lake liko kwa rejista ya Baraza la Wauguzi, ile watu wanaita NCK, na hiyo si maoni ya mtu, ni Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257. Kufika kwa hiyo rejista kuna njia moja. Unasoma chuo ambacho NCK imekiidhinisha kufundisha unesi. Ukianza tu masomo, chuo kinapeleka jina lako NCK upewe nambari, wao huita kupewa indeksi. Ukimaliza, unafanya mtihani wa Baraza. Ukipita, unasajiliwa na kupata leseni. Bila indeksi hakuna mtihani, na bila mtihani unaweza kuwa na gauni, kofia na picha za gradu kwa ukuta lakini kwa sheria wewe si nesi.

Hapa ndipo watu wengi hupotea rada. Chuo cha ufundi kinaweza kuwa na usajili halali kabisa wa TVETA. Cheti kiko kwa fremu pale mapokezi na hakuna uongo hapo. Lakini TVETA inasema hicho chuo kinaruhusiwa kufundisha. Haisemi ukitoka hapo utakuwa nesi. Hizo ni ofisi mbili tofauti na kazi mbili tofauti, na yule jamaa wa mapokezi anajua hivyo vizuri kukuliko.

Kile kinauzwa sana kwa hayo mabango ni kozi ya nurse aide au caregiver. Mimi siidharau. Kuogesha mzee ambaye hawezi kuamka, kumlisha, kumgeuza asipate vidonda, hiyo ni kazi ya heshima na kuna watu wanalisha familia nayo. Kama ndiyo unataka, soma, lakini lipa bei ya hiyo kozi, si bei ya ndoto ya unesi. Na usidanganywe ati ni ngazi ya kwanza, ati ukimaliza unaruka kuingia mwaka wa pili wa diploma. Hakuna kuruka. Ukitaka unesi baadaye, utarudi mwanzo na matokeo yako ya KCSE kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hivyo swali la kuuliza ni moja: wanafunzi wa hapa wanapewa indeksi na NCK? Wakisema ndiyo, usishike mdomo wao. NCK iko na orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa kwa tovuti yake. Ingia saiba ya mtaa, tafuta jina la chuo, na uangalie pia kozi, kwa sababu chuo kinaweza kuidhinishwa kwa kozi moja na kiwe kinatangaza nyingine. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, na nimeona watu wakichukua muda mrefu zaidi kuchagua kava ya simu.

Sasa alama. Diploma ya unesi, ile KRCHN, ni miaka mitatu. Unahitaji wastani wa C, uwe na C ya Kiingereza au Kiswahili, C ya Biolojia, halafu C- kwa moja kati ya Hesabu, Kemia au Fizikia. Ukiwa na C- ya wastani kuna kozi ya cheti, na mtu anaweza kufanya kazi halafu arudi kupandisha kuwa diploma. Maelfu ya wauguzi wa Kenya wamepita njia hiyo. Ukiwa na C+ kwenda juu, chuo kikuu kinaweza kukuchukua kwa digrii ya miaka minne. Cheki vile Biolojia haiepukiki. Msee ako na B ya wastani lakini Biolojia ni D+ atapigwa na mlango, na yule wa C safi aingie. Na ukisikia mahali wanachukua D+ kwa "nursing", si huruma wamekuwa nayo. Jibu la lile swali unalo tayari.

KMTC ndiyo kubwa kuliko zote. Iko tangu 1927 na ina kampasi zaidi ya 70 kote nchini. Siku hizi maombi yake hupitia KUCCPS, ile ile ya vyuo vikuu. Unaingia na nambari yako ya mtihani na mwaka wa KCSE, unalipa ada kupitia eCitizen, unachagua kozi na kampasi. Hakuna afisa wa KMTC mwenye nafasi ya kuuza pale nje ya Kenyatta. KMTC yenyewe imeonya mara nyingi kuhusu matapeli wenye barua feki za kuitwa chuo, na bado kila mwaka kuna mzazi anafika getini na barua ambayo mfumo hauijui. Mtu akikuambia tuma kwa nambari yake ya simu akushikie nafasi, amekushika wewe.

Ukweli mwingine ambao walimu hawasemi vya kutosha: C ni ruhusa ya kupiga foleni tu. Nafasi za unesi hugombaniwa, na kila mtoto wa Nairobi anataka kampasi ya Nairobi ndio alale kwao Buru. Kama alama zako ziko pale pale kwa mstari, weka pia Lodwar, Garissa, Kapenguria ama Msambweni. Diploma ni ile ile na mtihani wa Baraza ni ule ule. Pengine utashika wodi mapema kuliko mwenzako ambaye anagombania mgonjwa mmoja na wanafunzi kumi na tano.

Hiyo ya wodi isikupite, hata kwa chuo cha kibinafsi. Unesi unasomewa hospitalini. Uliza, tutafanyia mazoezi wapi, na mkataba uko? Ndio maana shule za hospitali za misheni kama Kijabe, Tenwek na Clive Irvine kule Chogoria zina jina: darasa na wodi viko kwa boma moja. Hizo unaomba kwao moja kwa moja, na karo si ya mchezo, kwa hivyo piga hesabu ya miaka mitatu yote kabla ya kuuza ng'ombe wa shosho. Kwa KMTC, mkopo wa HELB upo, lakini utauomba mwenyewe. Haukuji ukiwa umelala.

Tuje kwa ile "kazi ng'ambo". Kwa bango la caregiver, ng'ambo mara nyingi ilimaanisha Uingereza. Hiyo njia Uingereza iliifunga tarehe 22 Julai 2025: viza mpya za kuajiri wahudumu wa nyumba za wazee kutoka nje zimesimamishwa. Ukiona bango bado linaahidi hivyo, bango limezeeka ama mwenyewe anakuona fala. Nesi aliyesajiliwa ako na njia yake, mkataba wa Kenya na Uingereza wa Julai 2021, lakini nao si mteremko. Mwaka huo huo Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wahudumu wa afya 300 waliojaribu mtihani wa Kiingereza ni 10 tu walipita. Ujerumani nayo ilitia saini mkataba na Kenya Septemba 2024, na huko bila Kijerumani hutoboi.

Na hapa nyumbani? Siwezi kukupaka mafuta. Tangu 2013 wauguzi wa umma wengi huajiriwa na kaunti, na kaunti huajiri ikiwa na pesa ama kura ikikaribia. Mwaka 2017 waligoma miezi mitano. Wale wa mpango wa UHC walioajiriwa kwa kandarasi 2020 walikuwa bado wanalala nje ya Afya House 2025 wakidai ajira ya kudumu. Kuna wauguzi wenye leseni saa hii wako mtaani wanauza mitumba. Lakini pita Mama Lucy ama Pumwani usiku wowote, hesabu akina mama na uhesabu manesi, utaona kazi ipo, kile hakuna ni bajeti. Mwenye leseni anangoja nafasi. Yule wa miezi sita hangoji chochote, kwa sababu tangazo la kaunti likitoka, mstari wa kwanza huwa: uwe umesajiliwa na NCK.

Kama ushalipa mahali na sasa tumbo linakukata, rudi kesho asubuhi na uulize nambari yako ya indeksi. Wakikuambia "itakuja", uliza imeombwa lini, na uwaambie waandike. Halafu pigia NCK simu mwenyewe uulize kama hicho chuo wanakijua. Kama hawakijui, dai pesa yako kwa barua, weka nakala na risiti zote, na usilipe muhula wa pili ati kwa sababu ushalipa wa kwanza. Mlango wa KUCCPS utafunguliwa tena, na KMTC huchukua wanafunzi Machi na Septemba.