Ngozi Inayooteshwa Maabara na Mtoto Aliyeungua Uji



Wapendwa wasomaji, juma lililopita niliahidi kuendelea na mada ya maandalizi ya ndoa. Naomba mniwie radhi, kwani katikati ya juma limetokea jambo lililonizuia kuandika juu ya kitu kingine chochote, na wale wanaojiandaa kufunga ndoa watasubiri kidogo. Kusubiri nako ni sehemu ya maandalizi.

Katika mojawapo ya jumuiya zetu ndogo ndogo, mtoto wa miaka miwili alijikwaa akaangukia sufuria ya uji iliyokuwa imetoka kuepuliwa na kuwekwa sakafuni. Aliungua kifua na mkono wa kulia. Alipelekwa hospitali, na baada ya siku kadhaa daktari akawaeleza wazazi kwamba kidonda cha mkononi kilikuwa kirefu mno, hakitaziba chenyewe. Ilifaa kuchukua ngozi nyembamba kutoka pajani mwa mtoto mwenyewe na kuipandikiza mkononi. Wazazi waliridhia. Bibi yake alikataa, na katika nyumba ile neno la bibi ndilo la mwisho. Nilipofika kuwajulia hali aliniambia, "Baba, ngozi ya mtu haichezewi. Leo wamechukua pajani, kesho itauzwa wapi?"

Sikumcheka, na ninawasihi msimcheke. Bibi huyu ameishi katika nchi ambamo mwanzoni mwa miaka ya 2000 magazeti yaliandika habari za wachuna ngozi huko Mbeya. Ameishi katika Kanda hii ya Ziwa ambamo, hasa tangu miaka ya 2006 na 2007, ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu mtu fulani aliaminishwa kwamba mwili wa jirani yake ni dawa ya utajiri. Hofu yake ilitokana na yale aliyoyaona na kuyasikia. Hata hivyo, kwa ajili ya hofu hiyo zilipotea karibu wiki tatu. Mtoto alikuja kupandikizwa mwishowe, naye anaendelea vizuri, lakini kovu limevuta kiwiko na mkono haunyooki sawasawa.

Nilipolisimulia jambo hili kwa vijana, mmoja wao anayesomea kazi za maabara alinyanyua mkono. "Baba Paroko, huko kwa wenzetu wanaotesha ngozi ya binadamu maabara. Je, huko si kumwingilia Muumba katika kazi yake?" Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuwauliza wanaojua. Naandika maoni yangu kama mchungaji, sina utaalamu wa tiba.

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Ngozi yetu ina tabaka la juu, jembamba, ambalo seli zake huzaliwa chini, hupanda polepole, hufa na kupukutika. Na chini yake lipo tabaka nene lenye nyuzi za kolajeni, mishipa ya damu, neva na mizizi ya nywele. Daktari anapochukua ngozi ya pajani hukwangua sehemu ndogo tu ya unene huo. Mizizi ya nywele hubaki, na kutoka humo seli huchipua zikaliziba paja lenyewe kwa muda wa majuma mawili hivi. Ndiyo kusema, hata kabla ya maabara yoyote, mwili unajua kuotesha ngozi. Bibi yetu alidhani paja lingebaki wazi daima. Hakuna aliyekuwa amemweleza, na hilo si kosa lake.

Shida huja pale mtu anapoungua mwili karibu wote. Mnakumbuka moto wa lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, uliochukua maisha ya watu zaidi ya 100. Kwa majeruhi wa namna hiyo, paja zima litapatikana wapi? Mwaka 1975 wanasayansi wawili nchini Marekani, James Rheinwald na Howard Green, walieleza namna ya kuchukua kipande kidogo cha ngozi, kuzitenganisha seli zake, na kuzilisha juu ya seli za panya zilizozuiwa kuzaana, hata zikaongezeka na kuwa utando. Kipande cha sentimita chache za mraba kiliweza, katika majuma matatu au manne, kutoa utando wa kutosha kumfunika mtu. Miaka michache baadaye, mjini Boston, ndugu wawili, watoto wadogo walioungua zaidi ya asilimia 95 ya miili yao, waliokolewa kwa ngozi iliyooteshwa kutokana na seli zao wenyewe. Habari zao zilichapishwa mwaka 1984.

Ipo pia ngozi inayooteshwa kwa ajili ya majaribio, isiyokusudiwa kumvika mtu. Wataalamu huandaa ute wa kolajeni wenye seli za tabaka la chini, wakapanda juu yake seli za tabaka la juu, kisha kiowevu hupunguzwa ili upande wa juu ukae hewani. Hewa hiyo huziambia seli kwamba sasa ziko nje ya mwili, nazo hukauka na kufanya gamba la kinga kama lile tulilo nalo sote. Nilipoelezwa hili nilinyamaza kwa muda. Juu ya ngozi ya namna hii hujaribiwa dawa, sabuni na vipodozi, na ndiyo mojawapo ya njia zilizoiwezesha Jumuiya ya Ulaya kupiga marufuku kabisa, mwaka 2013, uuzaji wa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama.

Hapa naomba kuingiza neno ambalo akina mama wengine hawatalipenda. Wenzetu wanakijaribu kipodozi juu ya ngozi iliyooteshwa sahanini ili hata sungura asiumie. Sisi mkorogo tunaujaribu juu ya nyuso za mabinti zetu. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini kwetu miaka mingi, na bado zinafika kwenye meza za wauzaji wetu. Nimekwisha kulisema, naendelea.

Ngozi hiyo ya maabara bado ni pungufu. Aina nyingi hazina tezi za jasho, wala nywele, wala mishipa ya damu, wala neva, wala askari wa kinga ya mwili. Na gamba lake hupitisha vitu kwa urahisi kuliko ngozi halisi, hivyo majibu yake huweza kupotosha. Utando unaopandikizwa kwa walioungua nao ni mwepesi kuchanika, tena ni ghali. Ndiyo maana kazi ya kuuboresha inaendelea. Wapo wanaoongeza seli za mishipa ya damu, wapo wanaopanga seli kwa mashine za kuchapa, na mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba wameotesha kutoka seli shina ngozi ndogo yenye vinyweleo. Mwaka 2017 dunia ilisoma habari za mtoto mkimbizi kutoka Syria, aliyetibiwa Bochum nchini Ujerumani. Alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaoifanya ngozi ivuke kwa kuguswa tu, naye alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya ngozi yake. Wataalamu wa Modena, Italia, walichukua seli zake, wakarekebisha jeni lenye kasoro, wakaotesha ngozi mpya, na karibu asilimia 80 ya ngozi yake ikabadilishwa. Mtoto aliyekuwa kitandani akingoja kufa alirudi shuleni.

Basi, kijana wangu, kuhusu swali lako. Kitabu cha Ayubu kinamwonesha Mungu kama anayemvika mtu ngozi na nyama, na nabii Ezekieli aliona mifupa mikavu ikirudishiwa ngozi. Sioni kwamba anayemvika tena mtoto aliyevuliwa na moto anamnyang'anya Mungu kazi. Kanisa halikuanza kulitafakari jambo hili jana. Papa Pio XII alizungumzia utoaji wa konea za macho mwaka 1956, na Papa Yohane Paulo II alihutubia kongamano la upandikizaji wa viungo mwezi Agosti mwaka 2000, akisisitiza kwamba kutoa kiungo ni tendo la upendo, na kwamba mwili wa mtu haupaswi kuwa bidhaa ya sokoni. Kanisa linaweka mpaka pale chanzo cha seli kinapodai kuharibu uhai, kama ilivyofafanuliwa katika hati ya Dignitas Personae ya mwaka 2008: seli zilizopatikana kwa kuua kiinitete hatuwezi kuzibariki. Seli za mgonjwa mwenyewe, au za mtu mzima aliyeridhia, hazina kikwazo hicho. Seli nyingi za maabara hutoka kwenye ngozi inayobaki baada ya upasuaji, na nyingine kwenye ngozi ya watoto waliotahiriwa. (Wazee mtakumbuka kwamba tarehe 1 Januari zamani ilikuwa sikukuu ya Kutahiriwa kwa Bwana, hakuna aliyetuambia kwamba kile kitupwacho chaweza kuwa dawa.)

Lakini ridhaa! Hapo ndipo swali la bibi linaporudi, na kwangu ndilo zito zaidi. Mwaka 1951 huko Baltimore, mama mmoja mwenye asili ya Afrika, Henrietta Lacks, alichukuliwa seli za saratani yake bila kuulizwa. Seli hizo zimezaana katika maabara za dunia nzima na kuwapatia wengine fedha nyingi, na ni mwaka 2023 tu ambapo warithi wake walifikia mapatano na kampuni moja iliyonufaika nazo. Bibi alipouliza ngozi itauzwa wapi hakuwa mjinga hata kidogo. Anayetaka kipande cha ngozi ya mtu, hata cha ukubwa wa kucha, amweleze kwa lugha anayoielewa, kwa Kisukuma au Kikerewe ikibidi, kitakwenda wapi na kitafanya nini.

Nikisema hivyo sitaki tujifungie. Ngozi nyingi zinazooteshwa kwa majaribio hazina seli zinazotengeneza rangi, na mimi naona ni hasara kwetu ikiwa dawa za ngozi zitapimwa daima juu ya ngozi isiyofanana na yetu. Wafikirieni ndugu zetu wenye ualbino wa Ukerewe na mialo yote ya ziwa letu, wanaoanika dagaa juani saa sita mchana. Kwa walio wengi katika Afrika yetu, chanzo ni kasoro katika jeni liitwalo OCA2. Seli za rangi zipo, ila melanini ni kidogo, na saratani ya ngozi huwapata wangali vijana. Mfano wa ngozi yao ungeweza kusaidia kupima losheni na dawa bila kumwumiza yeyote. Na wajuzi hatuwakosi: huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC, losheni ya kujikinga na jua kwa ajili yao imewahi kutengenezwa na Watanzania wenyewe. Hapa Mwanza tunayo Bugando, iliyosimama juu ya kilima chake tangu 1971, pamoja na chuo kikuu chetu cha afya. Ningefurahi kuona kijana wa parokia hii akiwa miongoni mwa watakaoifanya kazi hiyo.

Na sato je? Nchini Brazili madaktari wa Fortaleza wamekuwa wakifunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato iliyosafishwa na kuuawa vijidudu. Ni sato yuleyule aliyeletwa katika ziwa letu miaka ya 1950, na ngozi yake imejaa kolajeni. Tafadhali, asiende mtu kubandika ngozi ya samaki wa sokoni Kirumba juu ya kidonda! Bila kusafishwa kitaalamu inaua.

Wakati huohuo tusisahau jikoni. Madaktari wa Bugando walipochunguza watoto walioungua, waliona kwamba wengi ni wadogo sana, waliounguzwa na vimiminika vya moto nyumbani. Sufuria iliyoepuliwa iwekwe juu, mbali na mtoto. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Dawa ya meno, mafuta na kinyesi cha ng'ombe visimguse.

Jumamosi, baada ya kikao cha WAWATA, daktari na muuguzi watakuja ukumbini kujibu maswali juu ya majeraha ya moto na upandikizaji wa ngozi. Bibi amekubali kuja na mjukuu wake. Ameniambia ana maswali manne kwa daktari, na kwamba ataketi mbele.