Mama anasifiwa, lakini hasikiki

Najua nimepotea, ila wenye watoto wadogo mtanielewa. Leo mwanangu yuko kwa bibi yake Temeke, mimi nimekaa kwenye kimbweta na madesa, kesho kuna tesiti. Lakini jambo la semina ya jana linanikereketa, acha nilitoe kwanza.

Tulikuwa tunajadili ushairi unaomhusu mama. Kaka mmoja akasimama akasema kwenye ushairi wa Kiswahili mama ameshatendewa haki, kila mtu kamwandikia. Darasa likapiga makofi. Mimi nikanyamaza, maana wakati huo maziwa yalikuwa yamenijaa na nimebana daftari kifuani ili blauzi iliyolowa isionekane. Jibu lake naliandika leo.

Ndugu yangu, mashairi hayo kayaandika nani? Mtoto. Mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima, anashukuru: ulinibeba miezi tisa, hukulala, nani kama mama. Ni mazuri, na mimi mama yangu nitamwandikia. Lakini hayo ni mashairi ya kuwa NA mama. Kuwa mama ni kitu kingine, na kwenye orodha yetu ya vitabu sijakiona.

Chukua Utendi wa Mwana Kupona tunaojivunia wote. Bibi huyu aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Hapo kweli mama anazungumza. Anamuusia dini, adabu, kuishi na mume. Lakini si utendi wa usiku wa uchungu wala wa zile wiki za kwanza. Simlaumu, alikuwa na haraka yake. Ila miaka zaidi ya 160 imepita, na sisi darasani bado tunamtaja yeye tu.

Nilipojifungua (ndiyo ule mwaka nilioahirisha masomo), kila mtu aliniambia furaha yake haielezeki. Mimi niliwekewa mtoto kifuani nikasubiri hiyo furaha, haikuja. Ulikuja uchovu na woga. Siku kumi na kitu nililia chooni nikidhani mimi ndiye mama mbaya wa kwanza duniani. Mama alinikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji wa pilipili manga, lakini kumuuliza niliogopa. Usiku mmoja nikaandika nyuma ya kaunta buku:

Wamenipa mikononi, kitambaa kinalia,
Namtazama usoni, sijui pa kuanzia,
Namuuliza u nani, naye aniangalia,
Tu wageni ugenini, nani atatupokea?

Kina cha mwisho hakikukaa sawa, najua, msinicheke. Lakini baada ya kuandika nililala usingizi. Na mapenzi yalikuja, taratibu, bila kupiga hodi.

Niliporudi chuoni nikakutana maktaba na Three Women ya Sylvia Plath, Mmarekani aliyeishi Uingereza. Ilitangazwa redioni na BBC mwaka 1962. Ni sauti tatu za wanawake kwenye wodi ya wazazi: mmoja anajifungua na kurudi nyumbani na mtoto, wa pili mimba imetoka, wa tatu ni mwanafunzi wa chuo anayemwacha binti yake hospitalini. Mwanafunzi wa chuo jamani! Nilikaa nayo mpaka wakafunga maktaba.

Wapo watakaosema mambo ya leba hayaanikwi, ni siri za wanawake. Nakubali. Bibi zetu walikuwa na unyago, na huko yaliimbwa waziwazi, wanawake wenyewe kwa wenyewe. Sasa mimi niliyekulia bwenini tangu fomu wani, unyago sikuchezwa, nani aliniimbia? Siri isiyo na mahali pa kusemwa inageuka kuwa upweke.

Na si suala langu peke yangu. Novemba 2021 serikali ilifungua mlango ili wasichana waliokatisha shule kwa sababu ya ujauzito warudi darasani. Jambo jema sana. Lakini katika mashairi niliyofundishwa mimi, binti mwenye mimba alikuwa funzo kwa wenzake, na mama alikuwa malaika. Sikumkuta msichana aliyekesha na mtoto na asubuhi ana mtihani. Huyo naye anasoma, na anajitafuta humo.

Maoni yangu basi: walimu wetu, wekeni kwenye semina hata shairi moja la mzazi mwenyewe, likibidi litafsiriwe. Kina dada wenye watoto, tuandike, vina vikipinda vitanyooshwa. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi anayeujua aseme.

Haya, mama kapiga simu, mjukuu wake kagoma kula. Nawahi daladala. Tesiti tuombeane.