Anayechujwa Naye Ana Heshima Yake

Kila mwaka, mwishoni mwa Agosti, timu 32 za NFL, ligi kuu ya ule mpira wa Kimarekani unaofanana na raga, hufanya kazi isiyofurahisha kocha yeyote. Kila timu huingia kambini ikiwa na wachezaji 90. Kabla ya msimu kuanza Septemba, sharti wabaki 53 tu. Piga hesabu, ndugu msomaji, utaona kwamba zaidi ya wachezaji 1,000 huachwa kwa mpigo mmoja.

Wengi hudhani kocha huwapanga wachezaji kwa ubora, wa kwanza hadi wa tisini, kisha akapiga mstari chini ya wa hamsini na tatu. Lau ingekuwa hivyo, kazi ingekuwa rahisi. Kinachopimwa hasa ni mahitaji. Timu yahitaji watu wawili au watatu wa kuurusha mpira na kuuongoza mchezo. Aliye wa nne, hata awe hodari namna gani, atafunga virago. Tena siku ya mechi hawavai jezi wote 53, bali 48 hivi. Kwa hivyo mchezaji wa akiba aliye na kazi moja tu hushindwa na mwenzake anayeweza pia kuukimbilia mpira wa teke na kumwangusha aliyeudaka.

Fedha nazo zina sauti. Mkongwe akiwa kikosini mechi ya kwanza ichezwapo, sheria yaweza kumpa haki ya kudai mshahara wake wa msimu mzima hata akiachishwa baadaye. Hapo klabu hufikiri mara mbili. Kijana ambaye hajatimiza misimu minne naye ana hatari nyingine: akiachwa, timu nyingine 31 zaweza kumnyakua, na iliyofanya vibaya zaidi mwaka uliotangulia ndiyo hupewa nafasi ya kwanza. Mkongwe hapitii njia hiyo. Ndipo utaona klabu ikimwacha mkongwe aliye bora leo ili isimpoteze kijana, kisha kesho yake ikamrudisha kimya kimya.

Kwa sababu hiyo nasema kuwa orodha ile si hukumu juu ya uwezo wa mtu. Kurt Warner aliachwa na Green Bay Packers mwaka wa 1994, akaenda kupanga bidhaa usiku katika duka moja huko Iowa. Januari 2000 aliiongoza St. Louis Rams kutwaa Super Bowl, akatangazwa mchezaji bora wa fainali hiyo. Mkenya mwenzetu Daniel Adongo, aliyetoka katika raga, hakuanza msimu wa 2013 katika kikosi kikuu cha Indianapolis Colts. Aliwekwa katika kikosi cha mazoezi, lakini kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameingia uwanjani kucheza. Kikosi cha namna hiyo, ambacho siku hizi huchukua watu 16, ni mlango wa nyuma uliowaokoa wengi.

Lakini hesabu isiwe kisingizio cha kukosa utu. Desturi ni kwamba mjumbe humfuata mchezaji na kumwambia amwone kocha, achukue na kitabu chake cha mbinu. Mjumbe huyo wachezaji wamembandika jina la Mturuki, na akionekana ukumbini watu huinamisha vichwa. Naona kocha mwema ni yule anayemkalisha kijana chini, akamweleza sababu, na kumwonyesha la kurekebisha. Aliyetoa jasho mwezi mzima kambini hastahili kusoma habari zake kwenye simu kama mtu baki.

Nawe kijana uliyeachwa, popote ulipo, kumbuka kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na wenye kuchuja wakumbuke kwamba wanamwacha mtu, hawafuti nambari.