Tangawizi ni dawa, lakini dawa ya nini?

Ni maneno machache katika lugha yetu yaliyobebeshwa mzigo mkubwa kama neno "dawa". Tuna dawa ya malaria inayoponya, dawa ya meno inayosafisha, dawa ya mbu inayofukuza, na dawa ya panya ambayo kazi yake ni kuua. Wahenga nao wametufunza kuwa dawa ya moto ni moto, na dawa ya deni ni kulipa. Neno hili tulilolipokea kutoka Kiarabu limepanuka hata likawa na maana ya chochote kinachokabiliana na jambo fulani. Kwa mwanaisimu huo ni utajiri. Kwa mgonjwa, utajiri huo waweza kugeuka mtego, na mfano ulio karibu nasi ni tangawizi.

Hapa Tudor ninapoishi, kama ilivyo kisiwani kote hadi Mji wa Kale, tangawizi si kitu kigeni. Imo katika chai ya asubuhi, imo katika pilau, na imo katika kahawa tungu inayomiminwa kutoka katika dele wakati watu wanapobarizi jioni. Ukienda Marikiti utaipata mbichi, kavu na iliyosagwa. Waislamu wanaijua pia kwa jina la zanjabili, kwani imetajwa katika Kurani, sura ya 76, kuwa kiungo cha kinywaji cha watu wa peponi. Hata hivyo, katika mikahawa mingi ya Kenya kinywaji moto cha tangawizi, limau na asali kimepewa jina moja tu, "dawa", pasipo kuelezwa ni dawa ya nini.

Swali hilo dogo ndilo ninalotaka walimu wenzangu na wanafunzi walishike. Kiswahili kinatofautisha vizuri sana kuponya, kutibu, kukinga na kutuliza. Kwa kadiri ya yale yaliyothibitishwa, kitenzi kinachoistahiki tangawizi ni hicho cha mwisho: tangawizi hutuliza.

Hutuliza nini? Kwanza kabisa, kichefuchefu. Mwaka 1988 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa baharini kwa wanamaji wanafunzi 80 ambao hawakuwa wamezoea mawimbi makubwa. Waliopewa gramu 1 ya unga wa tangawizi walitapika kidogo kuliko waliopewa unga usio na kitu, ingawa kizunguzungu hakikupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Aidha, mwongozo wa taasisi ya afya ya Uingereza, NICE, uliotolewa mwaka 2021, unapendekeza tangawizi kwa waja wazito wenye kichefuchefu kisicho kikali ambao wangependelea njia isiyo ya dawa. Tazama kinaya hicho, msomaji: kitu tunachokiita "dawa" mkahawani, wataalamu wanampa mtu asiyetaka dawa! Zipo pia tafiti, nyingi zikiwa ndogo, zinazoonyesha kwamba hupunguza maumivu ya hedhi.

Nguvu hiyo hutokana na kemikali zilizomo katika shina lake linalokua chini ya ardhi, ambalo wengi wetu huliita mzizi. Mojawapo ni jinjeroli, ambayo ndiyo huleta ule ukali wa tangawizi mbichi. Na kitu chenye nguvu ya kutuliza kina nguvu ya kudhuru pia, kikitumiwa bila kipimo. Wataalamu wengi hushauri mtu mzima asizidishe gramu 4 za unga wake kwa siku, yaani kama vijiko viwili vya chai, na mja mzito aridhike na gramu 1 hivi, tena baada ya kushauriana na mkunga au daktari. Ikizidi huleta kiungulia na kuharisha. Anayetumia dawa za kupunguza mgando wa damu, kama vile warfarini, anayetumia dawa za kisukari, mwenye mawe katika kifuko cha nyongo, na anayesubiri upasuaji, wote hao hawana budi kumweleza daktari kabla ya kuanza kuitumia kwa wingi.

Yamkini msomaji atasema kuwa bibi zetu waliitumia miaka nenda miaka rudi bila mizani wala daktari. Ni kweli. Lakini bibi zetu waliitia katika chungu cha watu kumi, na ulimi ndio uliokuwa mizani. Leo inauzwa ikiwa vidonge na maji yaliyokamuliwa, mtu mmoja akayanywa kwa mkupuo. Tangawizi ni ile ile, ila kipimo kimebadilika.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haimo katika tangawizi yenyewe bali katika kile kinachoachwa kwa ajili yake. Jirani yangu mmoja aliacha vidonge vyake vya presha kwa miezi miwili, akinywa tangawizi asubuhi na jioni kwa sababu aliambiwa kuwa "ni dawa ya presha". Alirejea hospitalini akiwa hajiwezi. Hakuna aliyemtilia sumu. Alitiliwa neno lisilo na mipaka.

Tuliliona jambo hilo kwa upana zaidi wakati wa korona. Mwezi Februari 2021, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, Dkt. Dorothy Gwajima, aliwaonyesha waandishi wa habari jinsi ya kutengeneza kinywaji cha tangawizi, vitunguu, malimau na pilipili. Huku kwetu nako sufuria za tangawizi na malimau zilichemka katika nyumba nyingi. Kinywaji cha moto humfariji mwenye koo linalowasha, na hilo halina ubaya. Lakini kufariji si kukinga wala kuponya, na haijathibitishwa kwamba tangawizi ilimkinga au kumponya yeyote na korona.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, wa Kiswahili na wa sayansi, tulifanye jambo hili kuwa somo la pamoja. Mwanafunzi atakapoleta tangazo lolote la "dawa", tumtake ajibu maswali manne: ni dawa ya nini, inafanya nini, kwa kipimo gani, na nani hapaswi kuitumia? Mtoto atakayezoea kuuliza hivyo darasani atauliza hivyo nyumbani pia, na pengine mzazi wake hataviacha vidonge vyake mezani.

Tuendelee kuinywa tangawizi yetu katika chai na kahawa, maana ni tamu na ina manufaa. Tukiiita dawa, basi tulimalize neno: dawa ya kutuliza kichefuchefu, kwa kiasi.