Acheni kusude janti mpira ukiwa juu yake!

Sisi vijana wa Burungu tunasema wazi: kutengeneza janti kwenye njia ya Sake–Kitchanga kumekuwa kucheza na kifo, na wanaopata faida si wale wanaohatarisha maisha.

Kila anayepita hapa anajua. Fuso inashuka imejaa viazi, maharagi, makala, na watu juu ya mizigo. Inaingia shimo, janti inapinda ao inapasuka. Shofere anasimama kwa kwado. Patroni anapiga simu toka Goma: sude tu, mzigo usioze. Na kijana anaanza kuchoma, mpira ungali juu ya janti.

Hapo ndipo tunakataa. Watu wanafikiri upepo ukisha toka, hatari imeisha. Si kweli. Moto wa kusude unapika mpira kwa ndani, mpira unatoa gesi, gesi inajaa mahali haina njia ya kutoka, na mwisho inawaka. Inaweza kupasuka kijana angali anachoma, ao nyuma, wakati kila mtu anafikiri kazi imekwisha. Kama kuna mtu alimwaga esanse ndani ili mpira ukae, ni mbaya zaidi. Mpira utolewe kabisa kwenye janti. Kutoa upepo peke yake haitoshi.

Halafu kuko janti za lori za vipande, zile zenye duara ya chuma inayoshika mpira. Duara ikiliwa na kutu ao isipokaa mahali pake, wakati wa kupompa inaruka kama risasi. Gari ndogo inabeba upepo wa baa 2 hivi, mpira wa lori unafika 7 na kupita. Na bado tunaona mtu anauinamia, anagonga duara na nyundo upepo ukiwa ndani! Ndugu, toa upepo wote mbele ya kulegeza bulo hata moja, na kama mipira iko miwili pamoja, toa ya yote miwili. Pompa ndani ya kaje ya chuma, na bomba refu, wewe ukisimama kando.

Watatuambia: hayo ni mambo ya Wazungu, maskini hana la kuchagua. Ni kweli Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1980: kaje ni lazima, na janti ya lori iliyopasuka ao kupinda haichomelewi wala kupashwa moto. Lakini waliitunga juu wafanyakazi walikuwa wanakufa, na mwili wa kijana wa Masisi haukufanywa na chuma. Kaje yenyewe ni vyuma tu, fundi yule yule anaweza kuisude. Na patroni mwenye franga za kujaza Fuso nzima anakosa za janti ingine, hata ya okazyo? Ufa ulio karibu na matundu ya bulo hausudewi, basi. Janti za aliminiamu nazo zikipashwa moto zinapoteza nguvu, hata kama kwa macho zinang'aa.

Tusisahau shimo lenyewe. FONER ilianzishwa mwaka 2008 ili makato ya mafuta na peaje yatengeneze barabara. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, toka Ubelgiji, walihesabu vizuizi 798 katika Kivu zote mbili. Leo mwenye kamba ni huyu, kesho ni yule, lakini kila mmoja anajua kuhesabu franga za shofere. Hakuna anayejua kubeba hata ngorofani moja ya mawe. Anayekula pesa ya njia ana sehemu yake katika kila janti inayopasuka, na tutamwambia hivyo bila kujali jina la kikosi chake.

Kwa wenye lori tunadai mambo mawili: mnunue janti badala ya ile yenye ufa, na mchange vyuma vya kaje kwa kila kwado anayewahudumia. Kwa mashofere: musimkaze fundi juu ya saa. Sisi wenyewe tutapita kwa makwado wote, toka Kilolirwe mpaka Kitchanga, pamoja na fundi anayejua kazi, kuonyesha namna ya kutoa mpira mbele ya kusude. Patroni atakayekataa kutoa vyuma, tutamfuata mpaka anapopakia mzigo.