Kabla mbuzi hawajauzwa, chuo kituambie wahitimu wake wako wapi

Na Halima Guyo

Kila matokeo ya KCSE yakitangazwa, barua za mwito huanza kuingia kwenye simu za watu wa Kipsing, kaunti ya Isiolo. Ya chuo kikuu cha kibinafsi aghalabu hutangulia, kwa kuwa vyuo hivyo husajili wanafunzi Januari, Mei na Septemba, wala havilazimiki kungoja ratiba ya KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni. Mtoto ana C+ yake, ameitwa kwa jina lake, na boma zima linafurahi. Kisha wazee wanaketi kuhesabu mifugo.

Tuhesabu pamoja nao. Tuseme karo ni shilingi 90,000 kwa muhula; viko vyuo vinavyotoza chini ya hapo, na viko vinavyotoza zaidi ya mara mbili. Tuseme mbuzi mmoja anauzwa 6,000 katika soko la Oldonyiro. Muhula mmoja ni mbuzi 15, mihula minane ni mbuzi 120. Hapo hatujataja kodi ya chumba, chakula, nauli, kompyuta, ada ya mtihani wala ada ya mahafali. Huku kwetu mwenye mbuzi 120 haitwi maskini, lakini hesabu hii ya miaka minne inaweza kumwachia zizi tupu.

Tena mbuzi hana bei moja mwaka mzima. Muhula wa Septemba hufunguliwa kiangazi kikiwa kimekolea, kabla ya mvua za Oktoba: mnyama amekonda, kila mtu anauza, mnunuzi ndiye anayetaja bei. Mzazi aliyepanga kutoa 15 anajikuta ametoa 25. Ukame ukizidi, hata mpango huo hausimami. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika kaunti kame za Kenya. Kijana anayeahirisha masomo kwa sababu mifugo ya nyumbani imekufa haandikwi katika brosha ya chuo chochote, ilhali karo aliyokwisha kulipa ni mali iliyotoka nyumbani isirudi.

Zamani kidogo serikali ilisaidia kuubeba mzigo huu. Kuanzia 2016 ilipeleka wanafunzi katika vyuo vya kibinafsi na kuwalipia sehemu ya karo, ingawa ilichelewa hadi deni likafika mabilioni ya shilingi. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 ukaufunga mlango huo. Katika chuo cha umma, mtoto wa familia iliyowekwa katika kundi la kwanza, lile la kipato cha chini kabisa, hupewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi na mkopo wa asilimia 25. Nyumbani wanatoa asilimia 5. Akichagua chuo cha kibinafsi, ile asilimia 70 anaikosa yote. Anabakiwa na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ambao una riba ya asilimia 4, na faini ya shilingi 5,000 kila mwezi kwa anayeshindwa kulipa wakati wake ukifika. Mfumo huo una kasoro nyingi, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakiuka Katiba. Hata hivyo, mfugaji anayestahili asilimia 70 asiiache kwa sababu tu barua nyingine ilitangulia kufika.

Sisemi vyuo vya kibinafsi havifai. Baraton, kilichokuwa cha kwanza kupewa hati mwaka 1991, kimetoa wauguzi na walimu wanaofanya kazi kote nchini. Strathmore kina jina kubwa katika uhasibu. KeMU kiko Meru, karibu na kwetu. Na mwaka 2025, wahadhiri wa vyuo vya umma walipogoma kwa siku 49 kuanzia Septemba hadi Novemba, aliye katika chuo cha kibinafsi aliendelea na masomo. Muhula usiopotea ni pesa. Mzazi anayeliweka hilo kwenye mizani amepima vizuri.

Jambo linalonichoma ni usajili wa kitaaluma. Chuo kinaangalia C+ ya wastani, kinampokea kijana kusomea ualimu, kinachukua karo miaka minne. Siku ya kwenda TSC, tume ya walimu, ndipo anapojua kwamba tume haikutaka C+ ya jumla peke yake, bali pia C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Ana C+ ya jumla, lakini historia alipata C. Shahada anayo, namba ya TSC hatapewa. Sharti hili si siri, na mtu wa ofisi ya usajili chuoni analijua vizuri kuliko mama wa Kipsing ambaye hajawahi kuingia ofisi hiyo. Kunyamaza hapo ni kumla mtu mali yake. Kozi ya sheria nayo ina mtego kama huo: Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya kimekuwa kikidai B ya Kiingereza au Kiswahili juu ya C+ ya jumla, na kijana anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajalipa.

Hata aliyesajiliwa hana hakika ya kazi. Walimu wengi wa sekondari msingi walianza kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa karo ile ya 90,000 kwa muhula, mshahara wa miezi 36 mizima ndio unaorudisha 720,000, na kijana asile wala asilipe kodi. Wala asichague kozi ya hoteli kwa kutegemea ramani. Tangu mradi wa uchukuzi wa LAPSSET uzinduliwe Lamu mwaka 2012 tumeahidiwa mji wa mapumziko hapa Kipsing Gap, na chuo hakiwezi kuuza ajira za mji ambao haujajengwa.

Sokoni Oldonyiro hakuna anayenunua ng'ombe bila kumfungua kinywa atazame meno. Kwa chuo, tunaonyeshwa picha za majengo na siku ya mahafali. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 imeipa tume ya CUE kazi ya kusimamia ubora, na naitaka iagize kila chuo, cha kibinafsi na cha umma, kitangaze kila mwaka na kwa kila kozi: wangapi waliingia, wangapi walimaliza kwa wakati, wangapi walikatiza kwa ukosefu wa karo, wangapi wamesajiliwa na bodi ya taaluma yao, na wangapi wana kazi miaka miwili baada ya kuhitimu. Takwimu hizo ziandikwe kwenye barua ya mwito yenyewe, kwa Kiswahili pia, karibu na namba ya akaunti ya kulipia. Kaunti ya Isiolo nayo isitoe basari kwa kozi ambayo chuo kimekataa kuitolea hesabu hiyo.

Amri hiyo haijatolewa, na muhula mpya hauko mbali. Anayetaka ualimu achukue karatasi yake ya matokeo aende ofisi ya TSC mjini Isiolo, aulize kama masomo yake mawili yatakubaliwa. Kisha chuo kimjibu swali hilohilo kwa maandishi, kikitia muhuri, kabla muhula wa kwanza haujalipwa.